Zamu ya Mkia wa Bluu

"Zamu? Panya umewapangia zamu? We mdogo wangu, kichwa hicho ulipewa cha kufugia nywele tu?"

"Dada, sauti!"

"Sauti gani! Hata hao panya wanakucheka."

Baba Panya, mlishaji wa panya wa maabara kwa miaka kumi na tisa, alisimama, akakaa, akasimama tena. Aproni aliifunga na kuifungua mpaka kamba ikaomba radhi. Panya wa vizimba vya juu wakasimama kwa miguu miwili kumtazama. Dada yake, mwosha chupa wa hapo hapo maabara, alikuwa na povu hadi kwenye viwiko na hasira za kugawa bure.

Kazi yenyewe hata mtoto angeielewa. Katikati ya ubongo kuna kitezi. Cha mtu ni kama punje ya mchele, cha panya ndiyo usiulize. Giza likiingia, hutoa homoni ya kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Daktari mwenye utafiti alitaka kujua: mwili ukitaabishwa, kitezi hicho kinafanyaje? Basi panya wenye wino mwekundu mkiani waogeleshwe kila asubuhi kwenye maji baridi, robo saa. Wa wino wa bluu wapumzike. Miezi minane.

Lakini Baba Panya alilelewa katika nyumba ya watoto kumi na mmoja na ndoo moja. Mmoja atumike kila siku, mwenzake alale? Wiki ya pili tu, mwekundu mmoja alimkazia macho, naye anaapa mpaka leo kwamba panya yule alitikisa kichwa kama karani aliyenyimwa likizo. Kesho yake akawatumbukiza wa bluu. Tangu hapo ikawa leo hawa, kesho wale, haki bin haki.

Jana daktari alipima vitezi vya panya wa awamu ya kwanza, wa rangi zote mbili. Wekundu kwa wa bluu, sawasawa kama mapacha. Na leo saa nne anakwenda mbele ya wakubwa kusema taabu ya mwili haibadilishi kitu.

"Mwambie," dada alisema.

"Nikimwambia, kesho niko nyumbani natazamana na ukuta."

"Usipomwambia, atasimama mbele za watu auseme uongo wako kwa mdomo wake. Mtu aliyekununulia hiyo miwani!"

Baba Panya aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaenda kizimbani, akarudi kwenye beseni la maji baridi, akavuta taulo, akaenda tena.

"Nitamwambia akirudi."

"Akiwa ameshaaibika? Utampa pole?"

"Au niandike karatasi, niiache mezani pake."

"Kwa mwandiko wako! Atadhani panya wamekanyaga wino." Ghafla dada akanyoosha kidole chenye povu. "We. Huyo mkononi umemtoa wapi?"

Baba Panya akatazama. Ndani ya taulo panya alikuwa anachuruzika maji, mkia ukining'inia, bluu tupu. Leo ilikuwa zamu yao; mikono ilikwenda yenyewe wakati mdomo unabishana.

"Mrudishe! Upesi, kabla—"

Mlango ukafunguka. Daktari aliingia, mafaili kwapani, tai haijafungwa bado.

"Baba Panya, nimesahau kalamu ya—"

Macho yake yakashuka kwenye ule mkia. Dada akafunga bomba. Miguu ya Baba Panya, iliyohangaika tangu alfajiri, ilitulia. Hakuuficha mkono.