Ndama Niliyemfanya Mke wa Mtu

Nichekeni tu. Mimi mwenyewe bado nikienda Kola napita njia ya nyuma, kwa sababu ni mimi, Mwende fundi wa nguo wa Mumbuni, niliyesimama mbele ya kijiji kizima nikasema jirani wa ndugu yangu ameua mke wake.

Shida ni runinga. Kuna kipindi nilikuwa nafuata, yule mama mpelelezi anainua mfupa mmoja, anaupangusa na brashi, anauangalia dakika moja, halafu anasema, "Mwanamke, miaka thelathini, aliuawa na mtu wa nyumbani," na kabla hujamaliza chai muuaji ako na pingu (na mimi nilikuwa naotea kabla yake, napatia, basi nikajiona niko na digrii).

Sasa siku hiyo nilikuwa nimeenda Kola kumwona ndugu yangu Mutua, anachimba choo kwa shamba alilonunua kwa Mzee Nzioka, jembe likagonga mifupa, miwili mirefu na mbavu kadhaa, kichwa hakuna. Wachimbaji walitaka kutupa waendelee na kazi. Mimi nikasema simameni hapo hapo, nikatoa brashi ya poda kwa kibeti (ndiyo, ya kujipaka uso), nikapangusa, nikainua mfupa juu watu waone.

"Mwanamke. Miaka thelathini. Aliuawa na mtu wa nyumbani."

Wachimbaji wakaweka majembe chini. Maana kila mtu alijua Mama Syombua, mke wa Nzioka, hajaonekana miaka minne, na mzee husema alienda Mombasa kuuguza dada yake. Mzee akaja mbio kutoka kwake, akaona mfupa, akasema, "Aiya! Si hiyo ni ndama yangu! Ilikufa na ugonjwa nikaizika!"

Na mimi, mdomo wangu huu, nikajibu, "Muuaji husema hivyo hivyo."

Vijana wakaanza kuulizana nani ako na kibiriti, macho yao kwa nyumba ya mzee. Nikaanza kupiga kelele kwamba labda nimekosea, lakini nani anasikia? Mutua ndiye aliita polisi, na nashukuru Mungu walikuwa karibu. Wakamweka Nzioka kwa gari lao, wakafukuza watu kwa shimo, wakaita mtaalamu wa mifupa kutoka Nairobi.

Alifika saa tisa, mama mpole amevaa gambuti. Hakuinua kitu. Alipiga magoti, akapiga picha, akapima, akaandika, tukangoja mpaka miguu ikauma. Mwishowe akasema, "Hii ni ndama."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, ilikufa lini.

"Sijui," akasema. "Siwezi kujua kwa kuangalia tu." Halafu akaniita karibu, akanionyesha vile ncha za mfupa zilikuwa hazijashikana bado na mfupa wenyewe, kumaanisha mnyama alikuwa anakua. "Lakini ulifanya vizuri kusimamisha kazi," akaniambia. "Wengine hutupa." Angeweza kufanya watu wanicheke. Hakufanya hivyo, na sitamsahau.

Mzee akafunguliwa, lakini mtu akapaza sauti, "Na mke ako wapi?" Nzioka akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Nzioka? Leo umekumbuka namba yangu?"

"Sema kitu, watu wasikie uko hai. Mwende amesema wewe ni mifupa ya mwanamke wa miaka thelathini."

"Thelathini?" Akacheka. "Mwambie asante! Mimi niko Mlolongo nauza chapati, na wewe unajua kwa nini niliondoka."

Watu wakacheka mpaka polisi wakacheka. Mzee hakucheka. Ile Mombasa yake ilikuwa imeisha mbele ya wote, na ni mimi niliimaliza.

Kesho yake nikaenda kwake, nikamwomba msamaha. Akavuta kiti cha pili.

"Keti. Jana tumeongea na yeye mpaka simu ikazima. Amesema atakuja Jumapili, aone shamba tu, hakuahidi zaidi." Akasugua macho. "Mimi singepiga, Mwende. Ningekufa na hiyo aibu."

Nililia pale kama mtoto. Tangu hapo nimeapa: mtu akiniuliza kitu sijasomea, nitasema sijasomea, hata kama nafsi inanikuna. Na Jumapili hiyo niliamka mapema, nikapeleka kuku kwa Mzee Nzioka, nikamchinja na kumpika mimi mwenyewe, nikaondoka kabla mgeni wake hajafika.