Mifuko ya Koti la Baba Mkwe

Nyumbani walimwita Bi Hadubini. Jina hilo alipewa na baba mkwe wake, siku alipookota kwenye maharage kijiwe ambacho nyumba nzima ilikuwa imekipita.

"Huyu hana macho," mzee alisema. "Ana hadubini."

Na kweli, kazi yake ilikuwa kuchungulia seli. Viwanda vilileta maabara unga laini kupita kiasi. Chembe zake elfu moja na zaidi zingeweza kulala ubavu kwa ubavu kwenye upana wa unywele mmoja. Safari hii ulikuwa unga wa kuchanganya kwenye plastiki ya vyombo vya chakula vya watoto, na kabla haujaruhusiwa ilibidi ijulikane kama unaharibu vinasaba. Bi Hadubini alizilisha seli unga ule, akazingoja zigawanyike, kisha akazikagua. Seli iliyovurugwa haina siri: pembeni ya kiini chake hubaki kiini kingine kidogo, kama kombo kwenye kidevu cha mlaji.

Alikuwa na haraka. Likizo yake ingeanza akishakabidhi majibu, na tiketi za basi za kwenda kwa mama yake zilikuwa zimechomekwa kwenye kioo cha kabati. Hakuwa amemwona mama tangu apasuliwe goti.

"Unakuja, au kitanda nimpe mwingine?" mama aliuliza kwenye simu.

"Nakuja, mama. Zimebaki seli tu."

"Seli, seli! Zimekuzaa hizo?"

Majibu yakatoka matamu. Bi Hadubini alikuwa amehesabu bila kujua kioo kipi kina seli za unga na kipi kina za maji matupu, maana vilibandikwa namba tu. Namba za siri zilipofunuliwa, seli za unga zilikuwa safi kama za maji. Zile zilizopewa sumu ya kulinganishia zilijaa makombo, kwa hiyo kipimo hakikuwa kimelala.

"Kesho asubuhi natia saini," mkuu wa maabara alimwambia. "Nenda kafungashe, mama."

Jioni akafua nguo za safari, na kwa wema tu akachukua na koti la baba mkwe. Daktari alikuwa amemwandikia mzee mboga za kuchemsha, bila chumvi, na wiki nzima sahani yake ilirudi jikoni nyeupe pe. Bi Hadubini alijisifia hadi kwa majirani. Sasa akatia mkono mfukoni, ukazama. Akatoa karoti, kabichi, na kitu cha kijani kilichokwisha kata tamaa.

"Baba!"

"Naam, mkwe wangu."

"Nini hiki?"

"Akiba."

"Lakini sahani ilikuwa safi!"

"Ulikagua sahani. Tumbo hukuliuliza."

"Na huu mfuko, mbona una bitana ya nailoni?"

Mumewe, fundi cherehani, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Bi Hadubini alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha kicheko kikamkauka. Sahani safi. Seli safi. Je, na zenyewe zilikula?

Akaikumbuka asubuhi ya kuzilisha. Aliutikisa unga kwenye maji kwa mashine ya mitetemo, vizuri kabisa. Halafu mama akapiga. Wakaanza na goti, wakahamia kwa jirani, simu ikanoga. Unga ule ukiachwa hushikana madonge na kuzama. Naye aliporudi, akachota juu.

Asubuhi alimkuta mkuu ameshika kalamu.

"Usitie saini kwanza, mkuu. Nadhani nilizipa maji."

Wakaziweka seli kwenye hadubini kubwa, wakatafuta. Ndani yake hamkuwa na chembe hata ya kuonjea. Kalamu ikarudi mfukoni.

"Na likizo?" mkuu aliuliza.

Bi Hadubini alitoka nje, akampigia mama.

"Siji wiki hii. Mazungumzo yetu yaliharibu kipimo cha ule unga wa vyombo vya chakula."

"Kumbe kosa ni langu!"

"Letu, mama."

"Hivyo vyombo ni vya watoto?"

"Vya watoto."

"Basi rudia. Ila ukiwa unalisha usipokee simu, hata yangu. Goti litangoja jioni."

Akarudia. Simu aliifungia kabatini, na unga akaumimina ungali unazunguka. Mara hii seli zilishiba, na makombo yakaonekana. Kila unga ulipozidi, nayo yakazidi. Unga ukarudishwa kiwandani.

Usiku wa kuamkia safari, mzee alikula mboga mbele ya wote, koti likining'inia mlangoni, mifuko imepinduliwa kama masikio ya mbuzi. Sahani ikawa nyeupe.

"Fungua mdomo, baba."

"Hata mdomo?"

"Hata mdomo."

Mzee akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama dari. Akafungua. Karoti ilikuwa imejificha shavuni, nzima.