Jumamosi ya Karakana

Fomu ya chuo ilifika nyumbani kwetu Nakuru ikiwa imekunjwa mara nne, na Baba hakuniruhusu niiguse kabla sijanawa mikono. Yeye mwenyewe alinawa mara mbili, kwa sabuni ya mche na mchanga, na bado mistari ya viganja vyake ilibaki myeusi kama kawaida. Alikuwa fundi wa injini za treni kwenye shedi ya reli. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, karibu sana na shedi hiyo, hivi kwamba Mama alianika nguo kwa kuangalia kwanza moshi unaelekea wapi. Upepo ukigeuka na kutoka ziwani, vumbi jeupe la magadi lilimaliza kazi ambayo masizi yaliianza.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uhandisi Nairobi. Katika mstari wetu wa nyumba hakuna mtoto aliyekuwa amefika huko, na nilihakikisha kila mtu anajua. Kichwa kilinivimba. Nilitembea nikiwa na penseli sikioni hata nilipotumwa maji. Kwa akili yangu ya wakati ule, mhandisi alikuwa mtu anayeelekeza kwa penseli, na fundi alikuwa mtu anayeelekezwa. Sikuwahi kumwambia Baba hivyo, lakini nadhani mwendo wangu ulimwambia.

Fomu yenyewe ilikuwa ratiba tupu: visanduku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na pembeni orodha ya masomo na saa zake. Kila mwanafunzi alitakiwa ajipangie, kisha aje nayo chuoni. Nikaanza kujaza kwa pupa. Shule ya misheni ilikuwa imetufundisha kwamba nafasi tupu kwenye karatasi ni uvivu, na uvivu dawa yake ni kiboko. Hesabu, fizikia, michoro, kemia, nikavisukuma vyote humo hadi Jumatano ikawa na masomo mawili katika saa moja.

Baba aliangalia kwa muda akinywa chai. Kiingereza hakukisoma, lakini ratiba aliijua kuliko mimi. Pale shedini kulikuwa na ubao ulioandikwa namba za injini zote na siku zake za kwenda safari, na yeye alikuwa mmoja wa waliosimamia ubao huo.

"Wewe unapanga vibaya," alisema. "Injini hatupangi hivyo. Kwanza unaandika siku ya kuosha boila. Hiyo ikishakaa, ndiyo unapanga safari."

Maji ya huku Bonde la Ufa yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo huganda ndani ya boila, lile pipa la injini linalochemshia maji. Injini isiposimamishwa ikaoshwa, mabomba yake hupasuka, tena mara nyingi ikiwa njiani inapanda mlima na mizigo ya ngano. Nilikuwa nimesikia habari hizo tangu utotoni, na nilizichoka.

"Baba, mimi si injini."

"Injini iko na akili kukushinda. Ikichoka, inapiga kelele." Alicheka, kisha akaweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho. "Hapa Jumamosi kuna nini?"

Kilikuwa bado kitupu, nikamsomea kutoka ile orodha ya pembeni: karakana, kazi za mikono, saa mbili hadi saa sita. Uso wake ulichangamka.

"Basi hiyo ndiyo siku yako ya kuosha. Wiki nzima kichwa, Jumamosi mikono. Andika hiyo kwanza."

Niliandika kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi. Kulikuwa na jambo sikumsomea. Saa zile zile za Jumamosi kulikuwa na darasa la hesabu za ziada kwa sisi tuliotoka shule ambazo hazikufika mbali, na chini yake palikuwa na onyo kwamba atakayeanguka hesabu mwisho wa muhula wa kwanza atarudishwa kwao. Hesabu zangu nilizijua zilipoishia. Niliogopa kurudi Nakuru kwa treni ile ile niliyoondokea, nikipita mbele ya nyumba zile zile. Na kulikuwa na mstari mwingine, wa mwisho kabisa: mwanafunzi aliyewahi kutengeneza kipande cha mtihani kwa mikono yake akilete, na kikikubaliwa atasamehewa karakana.

Kipande hicho kilikuwa nyumbani kwetu, juu ya kabati. Kila fundi wa shedi, alipomaliza kujifunza, alipewa donge la chuma na tupa, akalisugua hadi likawa na pande sita zilizo sawa kabisa, kama dadu kubwa. Hakuna mashine, ni mkono tu. Cha Baba alikiweka ndani ya kitambaa chenye mafuta kisishike kutu, na siku Mama alipokitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, ndiyo siku pekee niliyomsikia akimpandishia Mama sauti. Kilibaki na kovu dogo kwenye kona moja.

"Baba, nipe kile chuma chako niende nacho," nilisema asubuhi ya kuondoka.

Alifurahi mpaka nikaona aibu. "Chukua. Ukikosea yako, linganisha na hii."

Nilikipeleka moja kwa moja kwa mwalimu wa karakana, Mzungu mmoja mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku. Alikipima kwa pembemraba, kile kipimo cha kona, huku amekiinua kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta mwanya ambao haukuwepo. Akaniuliza kama nimekitengeneza mwenyewe. Nikasema ndiyo. Jibu lilitoka bila hata kukwama, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Aliandika jina langu kwenye kadi, akakiweka kwenye rafu ya kuonyeshea wanafunzi wengine, nami nikaifuta karakana na kuandika hesabu mahali pake.

Hesabu za Jumamosi zilinifaa, sitasema uongo juu ya uongo. Lakini kila nilipopita mlango wa karakana na kusikia wenzangu wakisugua chuma, niliharakisha hatua.

Wafanyakazi wa reli walipewa safari moja ya bure kila mwaka, na mwaka ule Baba hakwenda kwao magharibi kama desturi yake. Alikuja Nairobi. Niliarifiwa akiwa tayari langoni, amevaa koti lake la kanisani na kubeba mfuko wa turubai. Nilimwonyesha maktaba, nikamwonyesha bweni, nikamzungusha kila mahali isipokuwa kule. Mwishowe akasimama.

"Karakana iko wapi?"

Mwalimu alikuwa ndani. Alipoambiwa huyu ni baba yangu alimkaribisha kwa Kiswahili chake cha Kizungu, akakitoa kile chuma rafuni na kukitia mikononi mwa Baba.

"Angalia, mzee. Kijana yako nafanya hii. Mzuri sana."

Baba alikigeuza. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye ile kona yenye kovu, kikatulia hapo. Aliisoma kadi, jina langu aliweza kulisoma, maana alijifunza kuliandika nilipozaliwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nilingoja aseme.

"Ndiyo, Bwana," alisema. "Iko na mkono."

Akakirudisha kwa uangalifu, kikitazama upande ule ule kama kilivyokuwa.

Tulitembea hadi stesheni. Treni ilipokaribia ndipo akafungua ule mfuko na kutoa tupa yake ya zamani, ile ya mpini wa mzeituni aliouchonga mwenyewe, ikiwa imefungwa kwa kitambaa kipya.

"Nilikuletea hii," alisema. "Nilidhani Jumamosi unafanya mikono."

Alipanda, akakaa upande wa pili wa behewa, ambapo sikuweza kumwona.

Jumatatu nilipiga moyo konde nikaenda kwa mwalimu na kumwambia kwamba kile chuma si kazi yangu. Aliing'oa kadi na kusema nitafanya karakana kila Jumamosi mpaka nitoe kipande changu, au niondoke. Kile cha Baba alitaka kibaki rafuni kwa kuwa hakikuwa na mfano. Hakuniuliza kilikuwa cha nani, na mimi, kwa aibu zangu, sikulitaja jina la Baba. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Hesabu nilizisoma kwa vipande, wakati wengine wanakula, na kwenye mtihani nilipita kwa alama chache mno za kujivunia. Jumamosi nilisimama kwenye vaisi, kile kibano cha mezani, na tupa ya Baba. Chuma hakidanganyiki. Ukiegemea kidogo upande mmoja, unakuta umetengeneza mgongo. Ukirekebisha huu, ule mwingine unaharibika. Viganja vilitoka malengelenge. Lakini niligundua kwamba kufikia saa sita kichwa kilikuwa kimetulia, na fumbo la hesabu lililonishinda Alhamisi lilikuwa limeanza kulegea lenyewe. Nilikasirika sana kuona kwamba alikuwa amesema kweli.

Krismasi nilirudi Nakuru na vyuma viwili. Kile cha Baba nilikuwa nimekiomba kwa mwalimu, safari hii nikitaja jina la mwenyewe. Changu kilikuwa kimepinda upande mmoja, na mwanga ulipita chini ya pembemraba kama unavyopita chini ya mlango mbovu.

Niliviweka vyote mezani mbele yake. Chake hakukigusa. Alichukua changu, akakipeleka dirishani, akakipima kwa jicho, akapitisha kidole gumba kwenye kila ukingo bila haraka. Mama aliacha kukoroga ugali.

"Mbaya," alisema hatimaye.

Kisha akatafuta kitambaa, akakipaka mafuta, na kukifunga kile changu.

"Lakini hii ni yako," akasema, akainuka kukiweka juu ya kabati.