Santuri Iliyowagombanisha Kasongo na Antoni

Mwaka 1973 Kasongo, fundi mitumbwi wa Kasingirima, aliitwa na Feliksi, mwenye kilabu cha pombe pale Ujiji, asikilize santuri mpya iliyoletwa kwa treni. Ilikuwa na nyimbo za zamani za magita na banjo za mwambao wa ziwa, zimekusanywa na kutolewa upya. Kwenye jalada, mbele ya wimbo mmoja, paliandikwa: "Wapigaji hawajulikani."

Kasongo alisikiliza amesimama. Wimbo ule aliutunga yeye. Aliupiga ujanani pamoja na Antoni wa banjo na marehemu Zefania aliyeimba, siku gari la kurekodi lilipopita Kigoma. Lakini gita hili lilikimbia mno, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya kijana ambaye hajaota ndevu.

"Si sisi hawa," alisema. "Tumeigwa."

"Na nani?"

Jina Kasongo alikuwa nalo. Mwaka uliopita Antoni alikwenda Dar es Salaam, na aliporudi hakusema alifuata nini. Nyumbani kwa Kasongo, mkewe Mwamvua alimsihi asimdhanie mwenzake vibaya. Kasongo akamwuliza nani kamtuma amtetee.

Asubuhi alikwenda Simbo, alikohamia Antoni wakati wa operesheni ya vijiji. Alimkuta kwenye shamba la pamoja, akipalilia mihogo.

"Mwakeye," Kasongo alimsalimu kwa Kiha.

Antoni alisimamisha jembe. "Santuri yako nimeisikia kwa katibu wa kijiji. Umewafundisha vijana banjo yangu, na mimi hukuniambia."

Kasongo alimchunguza uso akitafuta uongo. Alikuta hasira kama yake.

"Dar ulifuata nini?"

"Hospitali ya jicho. Hili la kushoto halioni tena. Ulitaka nimtangazie nani?"

Hakuna aliyemwamini mwenzake. Waliongozana hadi kwa Feliksi, kila mmoja akitaka kumtazama mwingine wimbo utakapopigwa. Ulipoanza, Antoni aliinama karibu na gramafoni.

"Inakwenda mbio hii. Hebu iguse kwa kidole, pembeni."

Feliksi akaigusa. Santuri ikapunguza mwendo, sauti ikashuka, na Zefania mwenyewe akatoka mle, kifua kizima, akiburuta mwisho wa kila neno. Antoni alivua kofia. Kasongo alikaa juu ya kreti. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyeomba radhi, ila Antoni alimsogezea pombe yake, naye akaipokea.

Feliksi alisema atawaandikia waliotoa santuri ili wapigaji wajulikane. Antoni alitaja jina lake na la Zefania.

"Langu acha," alisema Kasongo.

"Wimbo si wako?"

"Wazee wangu walivuka kutoka Kongo. Jina likichapishwa, sijui ofisa gani atalisoma, wala ataniuliza nini juu ya uraia wangu."

Antoni alimbembeleza, akashindwa. Barua ikaandikwa yenye majina mawili. Kasongo aliisoma, akairudia taratibu akihakikisha jina lake halimo, ndipo akakubali bahasha ifungwe.