Boga Lisilo la Kopo

Hasira hunipanda hadi leo nikikumbuka lile kopo. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuja Mbita kutoka ng'ambo akataka keki ya boga, lakini boga lenyewe lazima liwe la kopo, lile linalopondwa kiwandani. Nilizunguka maduka yote, nikafika hadi Isebania mpakani, nikarudi mikono mitupu. Na nyumbani maboga ya mama mkwe yalikuwa yamejaa chini ya ghala!

Nikachukua moja, nikalichemsha kwa maji mengi, jinsi tunavyolipika la kula na maziwa. Keki niliyooka nalo ikadidimia katikati.

"Si nilikuambia?" wifi akasema. "Haya ya kienyeji ni maji tu."

Kesho yake nikapika jingine kwa mvuke, juu ya majani ya mgomba. Nikaliponda, nikalifunga katika kitambaa safi, nikalitundika kwenye msumari wa jikoni mpaka maji yote yakadondoka. Rojo likabaki zito, na keki ikaumuka vizuri.

Wifi alikula, akaongeza, akalamba vidole. "Umeona sasa? Kumbe kopo lilikuwepo, ni vile tu hukutaka kutafuta."

Mama mkwe, aliyeyalima maboga yale kwa mikono yake, aliinamisha kichwa.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikaenda jikoni, nikaleta maganda ya boga, nikayamwaga mbele ya wifi.

"Kopo lako ndilo hili. Mwenye kiwanda ni mama yako."