Paa la Turubai Siku ya Harusi ya Dada

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka, namwona mama akiipaka kwenye mishono ya turubai ili isivuje. Miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba, baba alipata bei nzuri, akanunua gari kuukuu lenye paa la turubai la kukunja. Kupaka nta ilikuwa kazi ya mama. Kufunga paa, baba hakutaka mtu aguse.

Siku ya harusi, dada ameshakaa ndani ya gari na shela lake jeupe, wingu jeusi likatokea upande wa kijiji cha Sapiwi. Baba akavuta paa. Akabana nyuma kwanza, kama anavyofunga mzigo wa pamba kwenye mkokoteni, na mbele likagoma kufika. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka.

"Mkwe, gari lako linakataa nguo?" wakacheka wakwe waliokuja kumchukua dada. "Mleteni bibi harusi kwenye trekta letu!"

Dada akaanza kulia. Mama akaja, kitenge amekikaza kiunoni.

"Mzee, ng'ombe unamfunga nira kwanza, mnyororo baadaye. Wewe umeanzia mkiani. Fungua huko nyuma!"

Baba akafungua. Mama akapachika ndoano za mbele, halafu mimi na shangazi zangu tukakandamiza nyuma kwa viganja. Kach! Turubai likakaza kama ngozi ya ng'oma, na mvua ikashuka.

Halikuingia hata tone. Baba akamfungulia mama mlango wa mbele, tukaondoka kwa vigelegele. Wakwe wakatufuata na trekta lao, wamelowa chapachapa.