Gari Lililochelewa Kushika

Mume wangu hakuniachia neno lolote kuhusu gari lake. Alilala hospitalini Kisii muda mrefu, tukazungumza juu ya watoto, ng'ombe na paa la jiko, lakini gari hapana. Lilikuwa gari jekundu la Kijerumani, la milango miwili, la mashindano, la chini sana hata ukiketi unahisi umekaa barabarani. Alilinunua kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini, kijana wao alipohamia ng'ambo. Kwetu Nyamira, kwenye barabara ya murram isiyo na lami, inayokata mashamba ya chai, lilikuwa kichekesho. Yeye alijua hivyo na alilipenda hivyo hivyo.

Mimi alinifundisha kuendesha pikapu kuukuu ya baba yake. "Achia klachi haraka," alikuwa akiniambia. "Ukisitasita mlimani utarudi nyuma na kuua kuku wa watu." Nikajifunza kuachia haraka. Lakini lile jekundu hakunipa hata siku moja. Kila nilipoomba alisema, "Bado." Sikuuliza bado nini.

Baada ya mazishi nguo zake ziligawanywa kwa ndugu, kama desturi ilivyo. Koti lilikwenda kwa mjomba, viatu kwa binamu, na hata ile sweta niliyokuwa nikilalia aliichukua mtu. Kilichobaki ni gari, na kofia yake iliyosahaulika kwenye kiti cha nyuma. Ndiyo maana nililitaka. Si kwa kutembelea.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye alilitaka, na hakuficha. Alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alisema mbele ya watu, kikombe mkononi, "Shemeji, hili si gari la kupeleka mahindi kwenye kinu. Utaliweza?"

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Jumamosi hiyo alitaka kupelekwa kanisani Nyanchwa, mjini Kisii, ambako mwanawe aliwahi kuimba kwaya. "Atakayenifikisha bila kunitikisa huu mgongo," alisema, "funguo ni zake. Na msinisumbue tena."

Alhamisi asubuhi nikajaribu uani. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi haraka kama nilivyofundishwa. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Kisha, mguu wangu ukiwa umeshatoka kwenye pedali, gari likaruka mbele kama aliyechomwa sindano. Gia ya pili, mambo yale yale. Nilikuwa nimeshaamuru, lakini gari lilikuwa kama halijapata habari.

"Limekataa mwanamke!" shemeji akacheka, akapiga paja. "Toka, shemeji, uone."

Akaingia yeye. Likamrusha vilevile, kichwa chake kikagonga paa. Akajaribu tena kwa hasira, likamrusha zaidi, tukasikia harufu ya kuungua. Kicheko kikaisha.

Shangazi wa marehemu, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akaweka kisu chini. "Hamuoni? Mwenyewe bado ameshika. Gari la mtu linachukuliwa hivi hivi, hajaambiwa?"

"Dada," mama mkwe akamkatiza, "nyumba hii ni ya Wasabato. Mambo ya ebirecha, hiyo mizimu, yaache kwako."

"Sabato ni keshokutwa. Leo ni Alhamisi. Mwambieni."

Mimi pia ni Msabato. Lakini mchana, mvua ilipokatika, nilikwenda kaburini peke yangu kule migombani. Udongo mbichi ulishika kandambili zangu nikaziacha. Nilimwambia kwa Kigusii, kwa sauti, kwamba gari liko kwangu na aliachie. Niliona haya, lakini nilisema.

Nikarudi nikaingia garini bila viatu, miguu ina tope na pedali inateleza, kwa hiyo mguu niliuinua polepole. Gari likaondoka laini kama maziwa yanavyomiminwa. Nikazunguka ua mzima. Shangazi akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi niliogopa kuliko asubuhi.

Ijumaa nikavaa viatu vyangu vya mjini nikaenda Kisii kununua vitu vya Sabato. Kupanda kule sokoni gari likaanza tena kuruka. "Mama, limepandwa na nini hilo?" kijana wa mkokoteni akapaza sauti. Jana alikuwa ameachia, leo ameshika tena? Nilikosa nini?

Nikalipeleka gereji. Fundi aliliendesha kidogo, akasema sahani ya klachi imekwisha. Akaliendesha tena, akasema haijaisha. Akaingia chini, akakaa huko muda, akatoka akijikuna shingo.

"Kuna kidude kwenye bomba la mafuta ya klachi," alisema. "Valvu yenye tundu dogo. Ukiachia polepole, mafuta yanapita, hutajua kama ipo. Ukiachia haraka, yanabanwa pale. Mguu uko juu, klachi bado haijashika, iko njiani."

"Imeharibika?"

"Hapana. Liliundwa nayo. Nadhani ni kwa ajili ya mtu anayeachia kwa fujo, asije akavunja gia. Lakini anayetaka kubadilisha gia upesi inamvuruga."

"Mume wangu alijua?"

"Mama, gari hili naliona leo."

Nikamuuliza kama anaweza kuitoa. Akatazama jua. Alikuwa Msabato kama sisi, na ameshaanza kufuta spana zake. "Ningeitoa. Lakini jua linakwenda, Sabato inaingia. Njoo Jumapili."

Asubuhi ya Sabato nilimwambia shangazi ukweli wote, kwamba ni valvu, na kwamba siku ile ilikuwa ni miguu mitupu tu.

"Na nani alikuvua viatu?" akauliza.

Nikavivua viatu vyangu.

Niliviweka viatu karibu na kofia, nikaendesha bila viatu. Mama mkwe aliketi kando yangu, amekumbatia Biblia, shemeji amejikunja nyuma. Tulifika vizuri hadi kwenye mlima wa Nyanchwa, na hapo waumini walikuwa wameijaza njia. Nikalazimika kusimama katikati ya mwinuko.

"Hapa ndipo penyewe," shemeji akanong'ona.

Nikavuta breki ya mkono. Sauti ya mume wangu ikasema niachie haraka. Ya fundi ikasema polepole. Sikujua nimtii nani. Nikainua mguu kidogo kidogo, nikangoja. Hakuna kitu. Nikaendelea kungoja, hadi nikahisi gari linajiinua mbele kidogo, ndipo nikaishusha breki. Likapanda bila kutetemeka.

"Mwanangu naye alikuwa akingoja hapa," mama mkwe akasema.

"Alingoja nini, mama?"

"Mimi nijuaje? Nikimwambia twende, husema, subiri mama, linakuja."

Kwa hiyo alijua. Hakujua jina la kidude, labda, lakini mguu wake ulijua. Basi kwa nini alinifundisha haraka, akaninyima polepole? Au "bado" ilikuwa na maana kwamba angenifundisha? Au hakuniamini tu? Nilitaka kulia, sikujua nilie kwa lipi.

Kanisani mama mkwe alishuka, akanyoosha mgongo, akamtazama shemeji. "Umeona?"

"Nimeona, mama." Akanigeukia. "Haya, shemeji. Ni lako. Lakini lilikuwa na nini?"

Nikamweleza habari ya tundu na mafuta. Akasema hajaelewa. Nikaeleza tena, na katikati ya maelezo nikaona mimi mwenyewe sielewi tena.

Jumapili sikwenda kwa fundi. Jumapili iliyofuata pia sikwenda. Funguo zilikuwa kwangu, na sikujua kama nataka kile kidude kitoke au kibaki.